Punje Niliyokataa Kutafuna

Tulimtambua kwa miguu ya watu wengine. Umeinama kibanjani unapalilia migomba, unainua macho, unaona mtu anashuka ile njia ya juu, bega la kushoto limelala kidogo, hatua fupi fupi za haraka, na moyo unakwambia: mwanangu huyo! Unatupa jembe, unakimbia, unafika unakuta ni yeye, mzee mfupi mwenye shuka lililofubaa na fimbo ambayo hakuwahi kuiegemea. Lakini bega lile lilikuwa la mwanao kweli. Alikuwa amelileta kutoka Buganda.

Sisi wa Nyabiyonza, huku Karagwe, tulimwita Mzee wa Salamu. Jina alikuwa nalo bila shaka, maana kila mtu analo, ila sikuwahi kumsikia mtu akilitaja. Alizaliwa wapi, ukoo gani, hayo waulizeni wengine. Mimi nitasema niliyoyaona, na machache niliyosimuliwa na watu wasiojua kutunga uongo. Na kama kuna atakayeniambia kwamba nazidisha, basi huyo hakumwona.

Miaka ile, kabla ya vita ile kubwa ya pili, wanaume wetu walikuwa wanakwenda Buganda kulima pamba na kahawa ya watu. Walivuka mto Kagera kwa mtumbwi pale Murongo, wakapotelea huko msimu mmoja, misimu mitatu, wengine mpaka watoto waliowaacha mgongoni wakaota ndevu. Wengine walikwenda karibu, kwenye machimbo ya bati ya Kyerwa, lakini karibu hiyo nayo ni mbali kwa anayekungojea. Barua zilikuwepo, sikatai. Lakini barua inaandikwa na mtu mwingine na kusomwa na mtu mwingine. Mwalimu wa misheni anasimama katikati ya ua anakusomea maneno ya mumeo, mama mkwe anasikia, majirani wanasikia, kuku wanasikia. Mwanaume gani ataweka neno la maana humo? Ataandika kwamba yeye ni mzima na anatumaini nanyi ni wazima, basi. Waliokuwa na neno hasa walimtafuta Mzee wa Salamu.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuuvunja kwa ajili ya mtu yeyote. Mtumaji alitoa tunda moja la kahawa ya kutafuna, ile akamwani iliyochemshwa na kukaushwa ambayo kwetu mgeni hupewa kabla hata hajaulizwa habari za safari. Ndani ya tunda moja mna punje mbili. Mtumaji alitafuna moja, ya pili akampa mzee, mzee akaifunga ndani ya kipande cha jani kavu la mgomba, akapiga fundo. Wazee wetu walikuwa wanafunga udugu wa damu kwa punje za namna hiyo hiyo, na yeye aliichukua desturi hiyo akaipeleka safarini. Akishafunga fundo alisikiliza. Ukimaliza kusema, alikurudishia maneno yako yote kwa sauti yako mwenyewe, na kikohozi chako, na pale uliposita akasita. Kisha akauliza: "Ndivyo?" Mume wangu aliniambia kwamba wanaume wengi walishikwa na woga hapo, maana hakuna aliyewahi kujisikia anavyosikika.

Ukisema "ndivyo," anaondoka. Akifika kwa mpokeaji anapokewa kama wewe. Anakaa pale unapokaa wewe, anakula unachokula wewe. Kama wewe hupendi maharage, anayasukuma pembeni, na watoto wanachekea viganjani kwa sababu baba hufanya vile vile. Kisha anafungua fundo na kunyoosha mkono. Mpokeaji akitafuna punje, salamu inasemwa. Asipotafuna, haisemwi. Na kabla hujapokea uliyoletewa, huwezi kutuma yako. Njia ina zamu, ndivyo alivyosema.

Jamani, nilimwona akifanya hivyo mara nyingi na sikuzoea. Mpaka leo nikilisimulia jambo hili nywele zinanisimama.

Kule Bugomora kulikuwa na mama mmoja kipofu, mwanawe wa pekee yuko Buganda. Dada yangu aliolewa jirani yake, naye ndiye aliyenisimulia. Yule mama alitafuna, akasikiliza salamu mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, usiondoke kwanza. Nimenyee ndizi." Mzee angeweza kukataa, maana kazi ilikuwa imekwisha. Alichukua kisu, akakaa chini, akamenya ndizi za chakula kizima huku akinung'unika kwa sauti ya yule kijana kwamba kisu hiki ni butu, kila siku nasema kisu hiki ni butu. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Ndizi zikaiva, wakala. Ndipo mzee aliposimama, akasema kwa sauti yake kavu, "Sasa naondoka mimi." Mama akamjibu, "Najua, baba. Asante kwa kukaa."

Lakini msidhani alibeba matamu tu. Kijana mmoja wa hapa kwetu, mlevi, alimtuma akamtukane baba yake. Mzee alimrudishia matusi yote, akamwuliza, "Ndivyo?" Kijana akasema ndivyo. Basi, kazi ni kazi. Tulimwona akija anapepesuka njia nzima, na hakuwa ameonja rubisi hata tone. Alikaa, akala, akatoa punje, baba mtu akatafuna, na matusi yakaanza kumwagika: ya shamba lililouzwa, ya mama aliyepigwa, ya viboko vya utotoni. Yule baba akashika mchi. Wanawake tukapiga kelele. Mzee hakurudi nyuma hata kidogo, alitukana mpaka mwisho, na mwisho wenyewe ukawa kilio: "Baba, mbona hukunizuia nisiende?" Mchi ukaanguka. Baba akamkumbatia mzee wa watu, wakalia wote wawili pale uani, na sisi tukalia. Kesho yake mzee alipita na uso wake ule ule wa kununa. Nikamwuliza habari za jana. "Jana sikuwepo," akasema.

Maana yeye mwenyewe, akiwa yeye, alikuwa mtu mgumu kweli kweli. Ukimsalimia "Shikamoo, Mzee," anajibu "Marahaba" utadhani unamdai. Hakucheka. Vicheko vya watu wote wa Karagwe alikuwa navyo kifuani, chake hatukukijua. Alisahau kofia, kiko, na ile fimbo yake tuliirudisha mara nyingi mpaka tukachoka. Majina ya watoto wake aliyachanganya. Mke wake, mama mmoja mcheshi aliyeishi naye Rugu, kijiji cha wazazi wangu, alikuwa akisema sokoni mbele ya watu, "Mume wangu anawaletea wanawake wote waume zao. Wangu mimi nani ataniletea?" Tulicheka, naye alicheka, lakini nilimwona akiangalia pembeni.

Na alikuwa mwizi wa senene, wale panzi watamu wa msimu wa mvua. Hilo nalisema wazi. Neno la mtu hakuligusa, ungeweza kumpa siri ya kukuua akaibeba mwaka mzima. Lakini ukimpa senene waliokaangwa vizuri, umewafunga kwenye jani, ampelekee mumeo anayewatamani huko ugenini, senene hao hawafiki Murongo. Alikuwa anasema yeye si punda, habebi vitu, kisha anawapokea kwa mikono miwili. Nilimtuma senene, nikaletewa jibu kwa sauti ya mume wangu: "Mugole, senene gani unaowasema?" Mzee aliyatamka maneno hayo ananiangalia machoni, bila aibu, maana salamu ni salamu, lazima ifike yote.

Kitu kimoja alikikataa, nacho ni kifo. "Kifo sibebi," alisema, na kifo kilitafuta wajumbe wengine. Ndiyo maana akionekana njiani hakuna mwanamke aliyejishika kichwa. Tulijua kwamba akija, basi aliyemtuma alikuwa hai alipomtuma.

Sasa niseme yangu.

Niliolewa nikaletwa Nyabiyonza, na mume wangu akaondoka ningali naitwa mugole, bibi harusi. Kabla ya kuondoka alipanda miche ya kahawa kando ya nyumba, akaniambia ikizaa mara ya kwanza atakuwa amerudi kuichuma. Nilibaki na mama mkwe. Salamu zake zilikuja vizuri. Mzee alikuwa akiteremka njiani na mwendo wa mume wangu, mwendo mrefu wa kupiga kisigino, anaimba puani kama nyuki, na mimi nilikuwa nampokea nikiwa nimepaka mafuta. Alikaa kwenye kigoda cha mume wangu. Alisema yale ambayo mume humwambia mke, na sitayasema hapa. Niliona haya kumtazama usoni, ingawa baadaye ukimwona njiani amenuna unajua kabisa kwamba hakuna anachokikumbuka.

Siku moja, wakati wa kuanika mtama, nikainua macho nikamwona anakuja kwa miguu yake mwenyewe.

Sijui kama mnaelewa. Hakuwa amevaa mwendo wa mtu. Alikuwa mzee mfupi tu anayetembea. Nikajiambia labda anapita, lakini aliingia kwetu. Hakukaa kwenye kigoda. Alisimama mlangoni, akafungua fundo, akanyoosha mkono.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, Mzee. Mume wangu yu hai?"

"Marahaba. Kifo sibebi, unajua."

"Sasa mbona hukuja na mwendo wake?"

Mkono umenyooka, punje iko katikati ya kiganja.

Nikaona yote kwa mara moja. Mume wangu ameoa Buganda. Ameacha kuwa mtu wetu, hana tena mwendo wa kuniletea. Nikitafuna punje ile, nitasikia kwa sauti yake kwamba mimi si mke tena, na kesho nitafunga vitu vyangu nirudi kwa baba Rugu. Nisipotafuna, neno halijasemwa, na mimi bado ni mke wa kibanja hiki na wa kahawa ile kando ya nyumba. Akili ya msichana, mtasema. Ndiyo niliyokuwa nayo.

"Sitafuni," nikasema.

Mama mkwe akaruka. "Mugole! Maneno hayo yametoka kwa mwanangu!"

"Basi tafuna wewe, Mama."

Mama mkwe akanyoosha mkono kweli. Mzee akafunga kiganja. "Si yako, Mama. Ni yake." Akaikunja punje ndani ya jani lake, akapiga fundo, akaondoka bila kula.

Kuanzia hapo, kila safari alipita kwetu. Alisimama pale pale mlangoni, akafungua fundo, akauliza neno moja: "Leo?" Nikajibu, "Leo hapana." Akafunga. Hakunishawishi, hakunionya, hakuonyesha hata kwa nyusi kama neno ni baya au zuri. Nilimtazama usoni mpaka macho yakaniuma nikitafuta dalili, sikuona kitu. Nami sikuweza kutuma salamu, maana njia ina zamu. Hata ningeweza, mume wangu hakuonekana tena pale alipokuwa. Mzee aliniambia hilo kwa kuwa halikuwa siri ya mtu: wenzake walisema amechukuliwa kupelekwa upande mwingine, hawajui wapi.

Kahawa ikazaa mara ya kwanza. Nikaichuma peke yangu, nikalia kwenye kila shina.

Kaka yangu akachoka. Huko Rugu kulikuwa na mjane mmoja, mwanaume mwenye ng'ombe na tabia nzuri, anayenitaka. Kaka akasema, dada anazeeka akingoja mtu ambaye neno lake tayari limo mfukoni mwa mzee. Akampeleka Mzee wa Salamu kwa mkungu, ndiye mkuu wa kijiji wakati ule. Mkungu akamwamuru aseme. Nami nilikuwepo, nimekaa na wanawake.

"Neno si langu," mzee akasema. "Nitalitoaje?"

"Wewe unalijua au hulijui?" mkungu akauliza.

"Mimi silijui. Anayelijua ni yule aliyelisema, na atakayetafuna."

Watu wakacheka, mkungu akakasirika, akamtoa kwenda kulima barabara pamoja na wakosaji. Alilima. Mtu mzima yule, mfupi vile, jua kali, anachimba mawe kwa ajili ya maneno mawili matatu ya watu wasio ndugu zake. Alipofunguliwa alikuja kwetu kwanza kabla ya kwenda kwa mke wake. Viganja vilikuwa vimechubuka vibaya. Akafungua fundo kwa meno, akanyoosha mkono wenye malengelenge, punje imelala juu ya damu.

"Leo?"

Nililia kwa sauti. Nilitaka kutafuna ili tu apumzike. Lakini mdomo ulikataa. "Leo hapana, Mzee. Nisamehe."

"Sawa," akasema, akafunga. Hakuwa na kinyongo. Niliingia ndani nikakaa chini, nikawa namwogopa kama watu wanavyoiogopa altare. Kaka naye baada ya siku hiyo hakunisumbua tena.

Miaka ikaenda. Siku moja napalilia, nikamwona mtu anateremka njia ya juu akichechemea, mguu wa kulia haukunjiki, anauzungusha nje. Nikasema moyoni, huyu Mzee wa Salamu leo amebeba kilema cha nani? Nikaendelea kupalilia. Hatua zikaja mpaka nyuma yangu, zikasimama.

"Mugole," akasema. Sauti ya mume wangu.

Hasira zikanipanda. Yaani leo, baada ya miaka yote, amevunja utaratibu wake mwenyewe! Bila kugeuka nikafoka, "Mzee, nyamaza! Nani amekwambia useme?"

"Umebaki," sauti ikasema.

Nikageuka na jembe juu. Alikuwa mrefu. Mzee hakuwa mrefu. Alikuwa na pengo la jino pale pale lilipokuwa siku zote, na mvi chache. Sikumkimbilia. Nilikaa chini kwenye magugu na kushika ule mguu usiokunjika, nikaushika tu. "Umebaki," akarudia, na akarudia tena, mpaka mama mkwe alipotokea na kuanza kupiga vigelegele.

Mti ulimwangukia wakisafisha msitu kwa ajili ya shamba la kahawa. Alichukuliwa mbali akatibiwa, akakaa muda mrefu akijifunza upya kutembea, kisha akalinda mashamba ya watu mpaka alipoona mguu unaweza kumfikisha kwao. Hayo alinisimulia. Kuhusu mwanamke wa Buganda hakusema, nami sikuuliza. Kuhusu punje hakusema, nami sikugusa. Nilijiambia, amerudi, basi, huyo mwingine na abaki huko huko.

Tuliishi vizuri. Tulizaa, tukachuma kahawa, tukazika mama mkwe kwa heshima. Lakini mume wangu alikuwa na jambo moja lililonishangaza. Nikimletea chakula, au nikimfunga kitambaa gotini wakati wa baridi, aliweza kuacha alichokuwa anasema akanitazama, kisha akasema taratibu, "Na ukabaki." Nikamwambia, "Sasa ningekwenda wapi, wewe?" Naye akatikisa kichwa kama mtu aliyeona muujiza. Hakuniinulia mkono maisha yake yote. Nilidhani ni kilema kilichomfanya mpole.

Mzee wa Salamu aliacha kupita kwetu siku zote hizo. Njia yetu ilikuwa fupi kwake, lakini alizunguka ya chini. Tukikutana sokoni alijibu "Marahaba" yake ya kununa na kupita.

Mume wangu alikufa kwa kifua, wakati ambapo watu walikuwa wameanza kuzungumza habari za uhuru. Nilimzika kando ya kahawa yake. Msimu uliofuata nikaletewa habari na mke wa mzee: mume wake haamki tena kitandani, hamjui yeye wala watoto, na kila asubuhi anauliza kama yule mugole wa Nyabiyonza amekuja.

Nikafika Rugu mchana, jua limesimama. Walikuwa wamemlaza kwenye mkeka mbele ya nyumba aote jua. Alikuwa amekwisha kabisa, mtu wa kubebwa kwa mkono mmoja. Nikapiga magoti, "Shikamoo, Mzee." Hakuitika. Macho yalipita juu yangu. Kisha mkono wake ukaingia chini ya mkeka, ukatoka na fundo. Jani lile lilikuwa limebadilishwa mara nyingi, lakini fundo lilikuwa lile lile, nililijua.

"Leo?" akasema.

Sikuwa na cha kuogopa tena. Mume wangu alikuwa wangu, kaburi lake nalipalilia mwenyewe. "Leo ndiyo, Mzee."

Nilitafuna. Haikuwa na ladha yoyote, ilikuwa vumbi. Naye akajinyoosha chali juu ya mkeka, akaukaza mguu wa kulia ukawa kama gogo, na jasho likamtoka usoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku ile alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Mume wangu alikuwa amelala. Mtu aliyelala hana mwendo wa kuletwa.

Sauti ikatoka, na Mungu ni shahidi yangu, haikuwa sauti ya mume niliyemzika. Ilikuwa ya kijana aliyepanda kahawa.

"Mugole. Mti umenivunja. Wanasema sitatembea. Mtu asiyetembea atavukaje Kagera, na akivuka atakulimia nini? Usiningoje. Nasema hivi nikiwa na akili zangu. Kahawa ile ni yako, ing'oe au iuze. Rudi kwa baba yako, uolewe ungali kijana, uzae. Ukibaki nitakuwa nimekuua." Hapo akasita, akapumua kwa shida. "Lakini usiende haraka."

Mzee akalegea. Mguu ukakunjika. "Imefika," akasema kwa sauti yake.

Nilikaa pale nikilia bila kujificha. Maskini mume wangu! Miaka yote ile aliamini kwamba niliyasikia maneno hayo na nikabaki. Kila sahani niliyomwekea aliiona kama kitu cha ajabu. Na mimi hapa, mwoga tu wa punje, napewa heshima nisiyoijua. Nililia, kisha nikakasirika, ndivyo nilivyo, nikasema, "Sasa mbona mjinga hakuniambia mwenyewe? Angeniuliza, ningemjibu!"

Mzee akafumbua macho. "Zamu yako," akasema.

"Zamu gani, Mzee? Wa kupelekewa amekufa. Na wewe kifo hubebi."

"Kifo sibebi. Salamu nabeba." Akapumzika kidogo. "Na ndiko ninakokwenda."

Nilitoa akamwani kwenye pindo la khanga, mgeni haendi kwa watu bila hiyo, nayo ilikuwa ya shina lile lile alilopanda mume wangu. Nikapasua tunda. Nikatafuna punje moja, nyingine nikaiweka kwenye kiganja chake chenye makovu ya barabara. Vidole vikaifunga.

"Mwambie hivi. Mume wangu, ni mimi. Salamu yako nimeipokea leo. Sikuisikia zamani, niliogopa, nilidhani una mwanamke. Nilibaki kwa sababu nilitaka kubaki. Na kama ningeisikia," hapo nikakwama, nikameza, "kama ningeisikia ningekuja Buganda kukuchapa fimbo mguu ule wa pili. Kaa hapo hapo, nakuja. Na senene wako aliwala huyu huyu anayekuletea salamu."

Kikatoka kitu kifuani mwa mzee. Nilidhani anakata roho. Kilikuwa kicheko, kidogo, cha kukwaruza, kisichofanana na cha mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Mke wake akatokea jikoni, mikono ina unga, akasimama.

"Nani huyo anayecheka?" akauliza.

"Ni mwenyewe," nikamwambia.

Akaja akakaa chini, akakishika kichwa cha mume wake mapajani. Mzee alimtazama muda, kisha akageuza uso kwangu, na kwa sauti ya mwanamke, ya ukali na ya kilio, akanirudishia maneno yangu yote, akakwama pale nilipokwama, akameza pale nilipomeza, na senene akawataja bila kuwaruka. Basi hivyo ndivyo ninavyosikika.

"Ndivyo?" akauliza.

"Ndivyo, Mzee wangu," nikasema. "Safiri salama."